Pua ya Mmanga Msuka Mota

Mume wangu Mmanga anasuka mota, yaani anazifunga waya mpya ndani, hapa Gombani, huu mwaka wa ishirini na nane, na watu wanamsifu kwa pua. Mletee mota ya pampu, ya feni, ya mashine ya kukunia nazi: ataifungua, ainamishe uso, anuse. "Hii bado nzima." Au, "Hii imezeeka, isukwe upya." Akishanusa, hukwaruza waya kwa ukucha kuhakikisha. Ukucha huo wa kidole gumba haukatwi, na mie nimeupigia kelele mpaka nimechoka.

Siri yenyewe si kubwa. Waya wa shaba ndani ya mota umevishwa vanishi, umeme usiruke pasipotakiwa. Mota ikipata moto ikapoa, ikapata moto tena, vanishi hukauka kidogo kidogo. Ikizeeka hunuka kama sukari iliyoungua, na ukiigusa kwa ukucha inabanduka magamba.

Mwaka jana karakana moja ya treni za umeme huko bara ikatafuta wasuka mota. Mmanga hakulala hakula. Akanieleza kwamba mota ya treni inateseka kuliko zote: kila stesheni inasimama, inaondoka, inatikisika, joto linapanda na kushuka, na vumbi juu yake.

"Hizo ndizo mota, mama Ummi. Hapa mie nanusa feni tu."

Akaitwa Dar es Salaam kwenye mtihani. Atapewa vipande vitatu vya waya wa mota kuukuu, aseme kipi kimezeeka zaidi. Akipita, anahamia huko.

Anahamia! Na mie nibaki na nani? Ummi wetu kaolewa Micheweni. Kwetu mtu hasafiri hivi hivi bila kufukizwa udi, basi nikamfukiza. Kanzu, koti, kofia, leso, begi. Soksi pia. Moshi ulitoka mpaka jirani yangu Bi Mize akauliza kama tuna harusi.

Siku ya tatu akarudi. Ameshindwa.

"Kila nilichonusa, udi," akasema, akaenda kuoga.

Wiki nzima hakumtania mtu. Pampu ya watu wa Chokocho ikakaa mezani, hajaigusa. Roho iliniuma, wallahi. Ijumaa asubuhi nikamtilia chai, nikakaa mbele yake.

"Baba Ummi, udi ule nilikusudia. Sikutaka uende. Nisamehe."

Akaivuta ile pampu, akaifungua, akanusa.

"Nilijua tangu melini," akasema. "Abiria walikuwa wananihama viti. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Na hukukasirika? Nimekuharibia mtihani."

"Wewe uliziba pua tu, mama Ummi." Akakwaruza waya, magamba yakadondoka mezani. Kisha akaniinulia kidole gumba. "Ukucha nilikwenda nao, sikuutumia."

Tangu siku hiyo ukucha ule siusemi tena.