Mkulima wa Sura ya Nne

Kijijini Litembo watu wanajua kazi ya kila mtu. Fulani ni muuguzi hospitalini, fulani ana bodaboda, fulani kahawa yake ilipata daraja la kwanza na tangu siku hiyo hasalimii watu. Kazi ya Emerensiana Kinunda ndiyo iliyowashinda. Walimwona kibarazani na kadi ndogondogo za karatasi ngumu, amezitandaza kwenye ungo, anahamisha moja hapa na nyingine kule, kama anayechambua maharage. Wengine walisema anatunza orodha za jumuiya. Wengine, wasio na kazi za kutosha mashambani mwao, walisema anapiga ramli.

Ukweli ni kwamba alikuwa anatengeneza faharasa: zile kurasa za mwisho za kitabu, zenye maneno yaliyopangwa kwa alfabeti na namba za kurasa mbele yake. Msomaji huzikimbilia akiwa na haraka, na akishapata alichotaka huzisahau. Sijapata kusikia mtu akimshukuru mtengeneza faharasa. Emerensiana hakulalamika. Aliingia katika idara ya uchapishaji ya chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam akiwa mpiga taipu, na aliyemfundisha kazi hii ni mhariri mmoja mzee, Tobias, mkali kama pilipili kichaa. Tobias alimwambia kwamba faharasa haitafuti maneno, inatafuta mambo. Mwandishi anaweza kueleza njaa kurasa kumi bila kuandika neno njaa, na mwenye njaa akija lazima aikute chini ya N.

Alipostaafu alirudi kwao Litembo, kwenye kahawa aliyoiacha marehemu mumewe, na kazi ikamfuata. Prufu, yaani nakala za kusahihisha kabla ya kuchapwa, zilikuja kwa basi mpaka Mbinga, zikapanda mlima kwa bodaboda, na baada ya wiki tatu faharasa ikateremka imeshapigwa taipu. Baadaye simu janja zikaua safari za vifurushi. Hapo napo hakulalamika.

Mwaka jana alipigiwa simu na Alphonce, mhariri kijana aliyekalia kiti cha Tobias. Chuo kilikuwa kimechoka na ghala. Kila kitabu kilichapwa nakala elfu mbili, na panya walizimaliza kabla ya wasomaji. Sasa vitabu vitawekwa mtandaoni, bure, mwenye simu asome popote alipo, na anayetaka cha karatasi atachapiwa chake akiagiza. Emerensiana alifurahi kwa dhati. Miaka yote hiyo hakuwahi kukuta kitabu chao hata kimoja katika maduka ya Mbinga, achilia mbali Litembo. Elimu ilichapwa Dar es Salaam ikalala hukohuko Dar es Salaam.

Ndipo Alphonce akamalizia habari yenyewe. Kitabu cha simu hakina kurasa, maana maandishi hujipanga kufuata ukubwa wa kioo. Badala yake kina kisanduku cha kutafutia: msomaji anaandika neno, simu inamletea. Kwa hiyo kamati ya uchapishaji imeamua faharasa ziachwe. Mswada aliokuwa anamtumia angeusoma tu kunyoosha makosa ya herufi, na hiyo ingekuwa kazi yake ya mwisho.

Kingekuwa kitabu kingine angekubali yaishe. Lakini hiki kilihusu ngoro, yale mashimo ya mraba yanayochimbwa kwenye miteremko ya Umatengo ili mvua isiondoke na udongo. Kilikuwa kitabu cha kwanza kupita mikononi mwake kinachoeleza kilima anachokiona akifungua mlango. Alitaka faharasa yake iwemo humo, kamati ipende isipende. Akazitoa kadi.

Sura ya nne ilihusu uchimbaji. Mwandishi, Dakta Egidi, aliueleza vizuri: nyasi hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati ya mistari na kuzifunika nyasi. Emerensiana akaandika kadi ya kwanza: Wanawake. Huko kwao wanaume hufyeka na kulaza nyasi, lakini jembe la kuchimba wameachiwa wanawake, na yeye mwenyewe alilishika mpaka mgongo ulipokataa. Akatafuta ukurasa wa kuandika mbele ya neno hilo. Hakuupata. Kila mahali palikuwa na mkulima: mkulima huchimba, mkulima hufunika, mkulima hupumzika. Akajaribu kisanduku cha Alphonce. Simu ikamletea mahali pamoja tu, kwenye shukrani, Dakta alipowashukuru wanawake wa kijiji kwa kuwapikia watafiti.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu. Hapa mwenye mzigo hata jina hakupewa.

Siku hiyohiyo alipita jirani yake, Dafrosa, akitoka shamba, udongo bado mbichi miguuni. Emerensiana akamsomea sura nzima. Dafrosa alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, huyo mwanamume anayechimba hivyo ni wa kijiji gani? Twende tukamwone."

Emerensiana alicheka, halafu hasira ikampanda. Kiswahili hakikusema uongo, maana mkulima ni mume na mkulima ni mke. Lakini Dafrosa, ambaye jembe lake lilikuwa limeegemezwa hapo mlangoni, aliposikia neno hilo alimwona mwanamume. Msomaji wa Dodoma angemwona nani?

Akaituma faharasa, na ndani yake akaandika: Wanawake, wachimbaji wa ngoro, 61–84. Alphonce alijibu kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alisema kamati imeshaamua, na zaidi ya hapo neno hilo halimo katika kurasa hizo. Faharasa itaonyeshaje kisichokuwepo? Emerensiana hakumung'unya maneno. Alimwambia kurasa hizo ishirini na nne zimejaa wanawake watupu, ila wamenyang'anywa jina. Kijana akasema mwenye ruhusa ya kugusa maneno ya kitabu ni mwandishi peke yake, na zimebaki wiki mbili tu kabla mswada haujafungwa.

Bahati ikawa Dakta Egidi, naye mzaliwa wa milima hiyo, anakuja Mbinga kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Alipanda mpaka Litembo, akatoa shikamoo, akakaribishwa chai na magimbi. Alikuja na majibu yake tayari. Alisema utafiti huhoji wakuu wa kaya, ndio utaratibu. Kwamba neno wakulima halimtengi mtu. Kwamba mambo ya wanaume na wanawake yanahitaji kitabu chake peke yake. Emerensiana alimwacha aseme yote mpaka akaishiwa.

"Dakta," akamwuliza, "ngoro za kwenu zilichimbwa na nani?"

Dakta akaanza kusema wakulima, akaliacha neno katikati. "Mama," akasema.

"Basi mimi ni mtu wa faharasa. Nimemtafuta mama yako kitabu kizima. Nimemkuta jikoni."

Dakta akasogeza kikombe kando. Akaomba zile kadi, akazitia kwenye bahasha, akaaga. Hakuahidi chochote. Kwa siku nyingi baadaye Emerensiana alijilaumu kwamba amemkosea adabu mgeni, tena msomi, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwezi wa sita. Alphonce alimtumia kiungo wakati yeye na Dafrosa wanachuma kahawa. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akafungua, akaenda moja kwa moja mwisho. Palikuwa na marejeo, na baada ya marejeo palikuwa peupe. Alijua pangekuwa hivyo, lakini kujua hakukumsaidia. Kazi ya miaka thelathini ilikuwa imekwisha, na iliuma. Machozi yalimlenga akayarudisha.

Kisha akaandika neno lake moja, wanawake, kwenye kisanduku. Simu ikaleta mahali hamsini na tatu. Sura ya nne ilikuwa imeandikwa upya, na mwanzo wake akamsomea Dafrosa kwa sauti: "Ngoro huchimbwa na wanawake. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma."

Dafrosa aliacha kuchuma. "Na wewe dada," akauliza, "wamekuandika wapi?"

Emerensiana akaandika jina lake, Emerensiana Kinunda, herufi kwa herufi. Simu ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana.

"Mimi nakaaga mwisho wa kitabu," akasema. "Hiki mwisho wake wameukata."

Dafrosa akaiangalia simu, akamwangalia na yeye. Akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Basi rudia pale mwanzo," akasema. "Polepole."

Emerensiana akasogeza kioo karibu na macho, akasoma tena.