Divai Aliyoionja Kavuo

Hapa Kimemi, ukitaka kujua kama kasiksi imeiva, unamwita Kavuo. Anapika pombe hiyo ya ndizi tangu ujanani, na ulimi wake haujawahi kumpendelea mtu. Ndugu yake wa mwisho, Jacob, alimkera alipoacha parokia akajiunga na kikundi kidogo cha hapa Butembo kinachosali Kiyahudi. Walinuniana mpaka mke wa Jacob alipojifungua Hadassa. Hapo Kavuo akalainika, akawaalika waje kuanza Sabato yao Ijumaa jioni nyumbani kwake.

Jacob alikuja na sufuria zake, sahani zake, na chupa moja ya divai nyekundu ya kosher, yaani halali kwa sheria yao. Rafiki alimletea kutoka Israeli, kwa familia inayolima zabibu za aina tatu na kuzichanganya yenyewe. Jacob alikuwa ameiweka kwa siku ya kumbariki mtoto.

Sasa, Kavuo ana adabu zake. Kwetu mwenye nyumba hunywa kwanza, mgeni akiona, ili ajue hakuna sumu. Na baada ya maneno yote makali aliyomtupia ndugu yake, alitaka hasa Jacob aone. Jacob alipokuwa uani akinawa, Kavuo akafungua chupa, akamimina, akangoja. Jacob alipotokea mlangoni, Kavuo akanywa, tena kwa tabasamu.

Jacob alisimama, mikono ikidondosha maji.

“Yaya,” alimwambia dada yake mkubwa polepole, “hii divai, mutu mwenye haiko wa dini yetu akishaifungula na kuimimina, siye hatuwezi tena kuikunywa.”

“Mais ni miye dada yako.”

“Njo vile, yaya, uko dada yangu. Haukujua.”

Hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alisema baraka zake juu ya mkate badala ya divai. Kavuo alikaa kwenye kiti chake mwenyewe kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Walipomaliza kula, Jacob aliitazama chupa.

“Donc, iko namna gani? Uniambie ata utamu yake.”

Kavuo hakuwahi kutia mdomoni kitu kizuri kama kile: kizito, chenye harufu ya matunda yaliyoiva, na ukali kidogo mwishoni.

“Mubaya,” alisema. “Iko sawa siki. Haukupoteza kitu.”

Jacob alikuwa amelelewa na ulimi ule, na hakuwahi kuusikia ukidanganya juu ya kinywaji mpaka jioni ile.

“Aksanti, yaya,” alisema, akamweka Hadassa mapajani mwa dada yake.