Somo Alilolikana Mwalimu Alfonsi

Mume wangu, Alfonsi, alizaliwa Ufipa, akakuzwa kwa ulezi na maharage, akasomea ualimu, akarudi kufundisha kwao. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, nami nilikuwa mwalimu. Ndugu zangu waliposema nimeolewa porini, niliwajibu kwamba mtu huyo wa porini amesoma vitabu kuliko wao wote. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye koti moja la kijivu nililolipiga pasi kila Jumatatu. Kupita vitu vyote alipenda historia ya wakulima.

Agosti 1974 tulihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara iendayo Kate. Watu waliacha nyuma mashamba yao ya intumba. Kwa asiyeijua Ufipa: mvua zikiwa bado zinanyesha, mkulima hukwatua nyasi mbichi, akazifukia ndani ya vilima vidogo vya udongo, zikaoza humo mpaka msimu unaofuata. Ndipo vilima hubomolewa, udongo ukasambazwa na kupandwa. Ndiyo mbolea yetu. Kazi hiyo watu walikuwa wameimaliza tangu Machi, na sasa wamehamishwa kabla ya kupanda. Mashamba mapya yalikuwa nyasi tupu, ardhi ngumu. Wakamwomba Alfonsi, aliyejua kuandika na kusema na wakubwa, awaombee ruhusa wilayani warudi kupanda kule kwa msimu huo mmoja tu. Akakubali.

Jioni alifundisha darasa la watu wazima. Wiki ile aliwaeleza mahindi yalikotoka, mbali sana, Meksiko. Akawaeleza Waolmeki, walioishi nchi ya chini yenye joto na mito inayofurika, mfano wa Milepa yetu kule bondeni Rukwa, wakapanda kwenye udongo mweusi ulioachwa na mafuriko na kuchonga vichwa vikubwa vya mawe vya watawala wao. Kisha Wazapoteki, watu wa nyanda za juu kama sisi, waliochimba visima vifupi shambani na kumwagilia kwa mtungi. Akasema kwamba miaka mia tano hivi kabla ya Kristo wengi wao waliacha vijiji vyao wakaenda kuishi pamoja juu ya kilima kikavu, lakini mashamba ya bondeni hawakuyaacha.

"Nani aliwahamisha, Mwalimu?" aliuliza Luciana, mama wa makamo ambaye hapakuwa na mwenye shamba la intumba kubwa kama lake.

"Haijulikani vizuri, mama. Wengine wanasema walijikinga na adui. Wengine wanasema wakubwa ndio walioamua."

"Kumbe nao walikuwa na katibu kata!"

Darasa zima likaangua kicheko. Alfonsi naye akacheka, akasema, "Huenda. Ila wa kwao hakuwa na baiskeli."

Kijijini baiskeli ilikuwa moja, ya katibu kata.

Kesho yake aliitwa ofisini, nami nikafuatana naye. Katibu hakupaza sauti.

"Mwalimu, unafundisha watu kuikejeli serikali."

"Nimefundisha historia, ndugu katibu."

"Historia hiyo nani ameiona? Utasimama mbele yao useme umeitunga. Na hayo maombi ya kurudi mahameni utayaacha. Ama sivyo kazi huna, na jina lako litapelekwa mkoani kama mpinga Ujamaa."

Nyumbani Alfonsi alisema atakataa. "Mama Stefania," aliniambia, kwa jina la mtoto wetu, "hawa watu wana msimu mmoja tu."

Nilimwambia watoto wetu hawataitwa watoto wa mpinga Ujamaa, wala mimi sitarudi Mbeya kuchekwa. Nikachukua karatasi, nikaandika mwenyewe, kwa Kiswahili safi, kwamba Waolmeki na Wazapoteki hawakuwapo duniani, kwamba aliwabuni ili kuchekesha watu. Nikamsihi mpaka akaipokea.

Aliisoma darasani bila kuinua macho. Nilikaa benchi la nyuma. Alipomaliza, Luciana akasimama.

"Na intumba zetu, Mwalimu? Nazo ulizibuni?"

Alfonsi akaikunja karatasi. Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Maombi ya ruhusa hayakuandikwa. Mvua zikaja, na mahindi ya kijiji kipya yakatoka ya manjano, mengine hayakufika magotini. Luciana alifunga mizigo akaenda kwa nduguze kule Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, apate walau samaki. Alipita mbele ya nyumba yetu bila kugeuza shingo.

Jumapili moja ya Januari Alfonsi alikwenda mahameni peke yake. Alirudi na matope mpaka kwenye viwiko.

"Nimebomoa kilima kimoja," aliniambia. "Udongo umeiva. Mweusi kabisa."

Akanawa, akalala bila kula.

Kazi alibaki nayo miaka kumi na mmoja, lakini aliomba apewe hesabu tu. Alipofariki, waliosimama kuhutubia walimsifu kwa utiifu. Nilikaa mbele nimevaa nyeusi, nimenyoosha mgongo, sikusema neno. Nilidhani nalinda jina la nyumba.

Siku hizi wapo wanaowaambia wajukuu zangu kwamba babu yao aliwadanganya watu mpaka wakalala njaa. Basi wajue. Waolmeki walikuwapo, na Wazapoteki walikuwapo. Karatasi iliyowakana ni mwandiko wangu mimi, Sekela. Yeye aliisoma tu, na maombi akayaacha, kwa sababu nilimwomba.