Omena ya Mgeni

Hapana, mimi siwaiti tena. Nimeona vile umeangalia hao ndege, halafu ukaangalia mdomo yangu, ndiyo nakujibu kabla hujauliza. Nilikuja tu hapa Homa Bay kununua omena, hawa dagaa wa ziwa, nikakuta wamama wamefunika zao na neti mbili, mmoja anagonga sufuria kutwa nzima kama mtu analinda mtama. Shakwe wamejaa mpaka mawe imekuwa nyeupe na mavi.

Wakati nilikuwa mdogo, rafiki yangu, shakwe alikuwa mmoja.

Nyanya yangu alikuwa anaanika omena hapa hapa, karibu na lile jiwe kubwa. Asubuhi mchanga ni baridi kwa miguu, omena inang'aa, harufu unaenda nayo mpaka kanisani. Kabla amwage karai ya kwanza kwa neti, anachota mkono moja anaweka juu ya jiwe. Hiyo ni ya mgeni. Mgeni ni huyo shakwe: anakula, anaenda zake. Kazi yangu ilikuwa kumwita, kraaa-ka-ka, hivi, na koo. Akichelewa, nyanya anasema na ile sauti yake ya kukwaruza, "Nyakwara, mwite mgeni, jua inapanda."

Kando ya neti yetu kulikuwa na kandege kadogo ka rangi ya mchanga. Kalitaga chini tu, mayai mbili. Nyanya alikazungushia mawe ndio watu wasikanyage, na akipita hapo anainama kidogo, kama mtu anapita mbele ya mama mkwe. Sauti yake sikujisumbua kuiga. Haikuchekesha mtu.

Halafu mashua ikaongezeka, matumbo ya samaki ikatupwa kila mahali, na mgeni akaleta ndugu zake. Mimi nilifurahi. Nilidhani ni utamu wa sauti yangu.

Siku moja jirani yetu, yule wa kuongea na pua, akaja na kiti yake akakaa. "Weee mtoto, nasikia unaongea na ndege. Hebu waite wooote nione." Nikapanda jiwe, nikaita mpaka shingo ikauma. Wakashuka kama nguo imekatikiwa na kamba. Wakakula ya mgeni, wakakula ya karai, wakamaliza neti. Jirani alicheka mpaka leso ikafunguka, na mimi pia. Halafu mmoja akaruka ndani ya yale mawe.

Kandege kalikimbia huku kakiburuta bawa, kakijifanya kameumia ndio wakafuate. Hakuna aliyekafuata. Yai ya kwanza, ya pili, kama kumeza mate.

Hakakurudi tena. Leo asubuhi nimetafuta yale mawe, sijaona hata moja. Hata yule ndege mweusi na mweupe, wa kusimama hewani akichungulia maji, siku hizi akishika kitu shakwe wanamnyang'anya. Nikiambia hawa wamama kulikuwa na omena ya mgeni, wananicheka. "Mathe, mgeni gani anakuja na kijiji mzima?"

Nyanya naweza kukuigia yote: kikohozi, wimbo, vile alikuwa anavuta chai. Sauti yake ya siku hiyo tu ndiyo inanishinda. Hakunipiga. Aliokota maganda ya mayai iliyobaki, akaniwekea kwa mkono, akasema polepole:

"Wewe unajua sauti ya kila mtu. Haya. Mwite huyo wa mayai arudi."