Kabla Boti Haijanyanyuliwa

Kilichoninyima usingizi ni ule mpira wa maji. Nilikuwa gatini nasuuza ndoo nilipouona ukitikisika, kama unavyotikisika maji yanapopita ndani. Ncha yake ilikuwa imeingia botini, na humo alikuwamo ami peke yake.

Ami si ndugu yangu wa damu. Ni Mzanzibari aliyekaa Dubai miaka mingi, na ndiye aliyeniombea kazi kwenye yadi hii ya boti, baada ya kuhangaika Mombasa na shahada yangu ya uhandisi. Siku hiyo tulikuwa tunaiandaa boti inayosafirishwa kwenda nchi ya barafu. Maji yakibaki ndani, huko yataganda, yatatanuka na kupasua mabomba. Basi tulimwaga maji ya tangi, tukafungua kizibo cha hita ya kuchemshia maji yakatoka yote, tukaitenga na mabomba mengine, kisha tukasukuma dawa isiyoganda mpaka rangi yake ya waridi ikatokea kwenye kila mfereji. Hita ilitakiwa ibaki tupu.

Lakini huku kwetu hita haiachwi tupu. Mtu akiwasha umeme hamna maji, inaungua. Kwa hiyo mafundi wa yadi yetu, kazi ikiisha, huijaza bila hata kufikiri. Mkono umezoea. Wa ami umezoea tangu sijazaliwa.

Nilimuuliza mpira ulikuwa wa nini.

"Naosha deki, injinia. Au nalo lataka shahada?"

Nilicheka. Deki ilikuwa kavu. Ila kwa jua lile, deki hukauka kabla hujafunga mfereji. Usiku, chumbani kwangu mtaa wa Al Barsha, nikaandika ujumbe wa kumuuliza tena. Salamu zikawa ndefu kuliko swali, na swali lenyewe likasomeka kama shutuma. Nikafuta. Kama ameijaza, hita itapasukia huko mbali, na jina litakaloharibika ni lake, kwa kuwa yeye ndiye fundi. Kama hajaijaza, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenishika mkono. Baadaye nikaanza kushuku hata kizibo, kama nilikikaza sawasawa.

Asubuhi nilikuta mikanda ya kreni imeshapitishwa chini ya boti. Msimamizi alikuwa anatuharakisha kwa kelele, "Yalla, yalla!" Ami amesimama pembeni na chai yake. Nikamsogelea ili wengine wasisikie.

"Ami, niwie radhi. Nataka kuifungua tena hita."

"Huniamini?"

"Mimi hata mwenyewe sijiamini, ami."

"Hilo nalijua. Mlango wafunga, kisha warudi kuusukuma uone kama umefunga." Hakutabasamu. "Khalas, kazi imekwisha. Usinitie aibu mbele za watu."

Nilitamani kreni ivute tu, boti ipae, jambo litoke mikononi mwangu. Kreni ikaanza kunguruma.

Nikampungia dereva asimame. "Sir," nikamwambia msimamizi, "naomba muda kidogo. Sijaridhika na kazi yangu."

Nikapanda kabla hajajibu. Nikapiga magoti mbele ya hita, nikatia spana kwenye kizibo na kuzungusha. Maji yakanirukia kifuani. Nyuma yangu nilisikia viatu vya ami vikipanda ngazi. Sikugeuka. Niliacha kizibo wazi mpaka yakakatika kabisa.