Shairi la Mamake Bibi

Harufu ya wino wa printa bado hunirudisha kwenye saiba moja ya Mkomani, nikiwa darasa la saba na ujuaji usiopimika.

Bibi aliyenilea alikuwa na shairi moja aliloliimba akisuka ukili wa mikeka. "Ni la mamangu hilo," alikuwa akiniambia. "Nalimsikia akilitunga yikoni akipika, nami ni kijana." Mama huyo hakuacha picha wala chochote kingine.

Mwalimu wa Kiswahili akatutaka tulete shairi na jina la mtunzi wake. Neno la Bibi halikunitosha. Nikaenda saiba, nikaandika mstari wa kwanza, na mtandao ukanimwagia kadi za harusi na picha za maua. Kila mahali mstari ule ule, kila mahali jina tofauti, kwingine hakuna jina kabisa. Nilipomwonyesha karatasi nilizochapisha, Mwalimu akacheka, akanipeleka maktaba, ambako kompyuta ilikuwa na orodha ya miswada ya zamani. Hapo likatoka jibu moja tu: jina la mwanamume. Nikaliamini kwa kuwa lilikuwa peke yake, tena lina namba ya mswada.

Nikakimbia nyumbani. Bibi alikuwa na wageni wake barazani, nami sikungoja waondoke. "Bibi, lile shairi si la mamako. Lina mwenyewe, nimemuona maktaba."

Wanawake wale wakainamisha macho. "Haya, mwanangu," Bibi akasema. "Wewe ndiwe ulosoma." Hakuliimba tena mpaka alipofariki.

Leo kazi yangu ni kuingiza miswada hiyo hiyo kwenye kompyuta, na macho yamechoka kuliko umri wangu. Mwaka jana ikafika zamu ya karatasi yenye shairi lile. Zamani aliitwa mwenye hati nzuri amwandikie mtunzi, naye akitia jina lake mwisho. Juu ya jina la mwanamume yule wa orodha, kwa herufi za Kiarabu, alikuwa ameeleza waziwazi kwamba ameandika tu, na kwamba mtunzi ni Bi fulani aliyemsomea kwa kinywa chake. Jina lilikuwa la mamake Bibi. Aliyeorodhesha alisoma mstari wa mwisho akatosheka, kama mimi.

Nikasahihisha jina. Kisha fomu ikauliza kama shairi limekamilika. Karatasi ina beti sita, na Bibi alikuwa akienda mbali zaidi ya hapo. Nilikaa mbele ya kisanduku kile asubuhi nzima nikiutafuta ubeti wa saba kichwani, nisiupate. Nikaandika kwamba halijakamilika. Aliyekuwa nazo zile nyingine nilimnyamazisha mimi mwenyewe.