Nilivyomtangaza Mwenzangu wa Kitanda cha Chini

Kazi ya kutangaza filamu za habari sikuisomea. Shule yenyewe niliiachia darasa la nne, kwa hivyo mnivumilie. Aliyenifunza ni Mzungu ambaye sikuwahi kumwona. Miaka ya sabini nilikuwa taniboi wa gari la sinema la serikali. Tulizunguka masokoni tukionyesha filamu kuukuu za Waingereza: malkia anashuka kwenye ndege, askari wanarudi kutoka vitani, mji umemezwa na mafuriko. Juu ya picha ilikuwapo sauti ya bwana mmoja, nzito, yenye raha, kama ya mtu aliyeshiba. Hata mafuriko aliyasema kwa raha. Siku mkalimani wetu alipougua koo nilishika kipaza sauti mimi, na kwa kuwa Kiingereza sikukijua, niliiga ile raha na maneno nikajitungia. Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipoharibika.

Lakini nilitaka kusema ya Doha. Nilikwenda nikiwa na miaka hamsini na mitatu, kwa wakala nikasema arobaini na mbili. Nywele nilizipaka rangi nyeusi, siku ya usaili ikanichuruzika shingoni, na hakuna aliyesema kitu. Wakanipa kazi ya ulinzi. Tulilala Sanaiya, ndivyo tulivyoliita eneo la viwanda, wanaume wanane chumba kimoja, Wakenya na Waganda.

Mganda mmoja, dereva wa basi la kampuni, alikuwa na kamera ndogo ya video. Ijumaa, siku ya mapumziko, alitupeleka Kornichi, kule barabara ya ufukweni, kutupiga picha za kutuma nyumbani. Koti la buluu lilikuwa moja. Unalivaa, unasimama kando ya Land Cruiser ya mtu usiyemjua, unapunga mkono, unalivua, anavaa mwingine. Kisha picha zinawekwa kwenye televisheni ya chumbani nami natia maneno. Mganda anazitia kwenye sidii pamoja na sauti yangu, anayekwenda likizo anabeba.

"Haya mzee, weka sukari," waliniambia.

Naweka. Mbeba mizigo wa hoteli nilimfanya ofisa wa wageni. Mpishi wa kambi nilisema masheikh hawali mpaka aonje yeye. Tukasikia mama zao wanalia kwa furaha. Nikajiona nafanya thawabu.

Sasa, kitanda cha chini yangu alilala mwenzangu mmoja kutoka magharibi ya Kenya. Alilinda jengo huko Rayyan, saa kumi na mbili wima, jua la kule mnalisikia tu. Mwaka wa tatu miguu ikamvimba. Mkewe alikuwa akimuuliza kwa simu mbona hajengi, mbona wenzake wanajenga.

"Nikimwambia kwa mdomo atasema natafuta huruma," aliniambia. "Wacha aone na macho."

Basi akapigwa picha chumbani: vitanda vinane, nguo mbichi kwenye kamba, na yeye ameketi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mzee, hii usiweke kitu. Sema vile iko."

"Nimesikia, bwana."

Siku ya kutia maneno yeye alikuwa zamu. Wengine walikuwa wamejaa vitandani wakitazama. Mganda akanikumbusha, "Ssebo, ya huyu alitaka iende hivyo hivyo." Nikaanza vizuri, haki ya Mungu. Nikasema, "Hiki ni chumba..." Kimya. Hakuna aliyecheka. Na mimi kimya cha watazamaji sikukizoea, kinanitia baridi. Ile sauti ya bwana aliyeshiba ikapanda yenyewe: "...cha wafanyakazi wa chini, na leo ndugu yenu, mkubwa wa walinzi, amekuja kukagua vitanda!"

Chumba kikapasuka. Beseni lilipotokea nikaongeza, "Baada ya ukaguzi, mkubwa huoshwa miguu, ndiyo desturi ya huku."

"Buda, wewe ni noma!" kijana mmoja akapiga ukuta kwa ngumi. Na mimi, mjinga, nikafurahi.

Sidii iliondoka kesho yake. Nilipanga kumwambia. Nikala naye, nikapanga kumwambia. Nikamsikia akikoroma chini yangu, nikapanga tena. Wiki tatu zikapita, mkewe akapiga simu kumpongeza kwa cheo. Alipokata akanitazama.

"Ulisema nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Alichukua taulo akaenda bafuni, akakaa huko mpaka watu wakagonga mlango. Nilipotaka turekodi upya akasema, "Khalas, mzee. Imeshaonyeshwa kwa mama mkwe."

Mkataba wake ukaisha akarudi kwao na begi moja na ile miguu. Mke akauliza, mkubwa wa walinzi mali yake imekwenda kwa nani? Na zaidi ya hapo, nani aliyekuwa akimwosha miguu? Swali hilo nililizaa mimi, kwa sababu ya kicheko. Mama wa watu akafunga virago, akarudi kwa wazazi wake.

Adhuhuri moja nikiwa zamu langoni, mtaa wa Abu Hamour, simu ikalia, ni yeye kutoka Kenya.

"Mzee, niko hapa kwa wazazi wa mke wangu. Nampatia simu. Mwambie vile ilikuwa."

Nilimwambia yote. Vitanda, jua, beseni alilojijazia mwenyewe, hakuna mwanamke. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, shemeji."

"Sauti yako naijua. Watoto wangu wanaiigiza wakicheza. Siku ile ulisema vizuri, na leo umesema vizuri. Sasa mimi nitajua aje?"

Nikajaribu kusema vibaya. Kweli, nilijaribu kukwama, nilijaribu kuitoa ile raha kooni. Haikutoka. Miaka thelathini haitoki kwa dakika moja ya simu. Nilisikia mumewe pembeni akiuliza, "Amesemaje? Mzee amesemaje?"

"Amesema vile mmepatana," mke akamjibu, na simu ikakatika.

Hakurudi kwa mumewe. Hayo niliyapata kwa yule Mganda, maana mwenzangu mwenyewe hakunipigia tena.